Soma Tundu la Msumari: Jinsi Upepo Unavyoezua Nyumba

Paa likishaezuliwa, watu hutazama juu, pale palipokuwa na dari na sasa panaonekana anga. Sisi wa kazi ya mapaa hutazama chini. Bati lililoangukia shambani au barabarani lina habari yote, na habari yenyewe iko kwenye tundu la msumari.

Tundu likiwa dogo na safi, na msumari haupo, ujue msumari ulichomoka kwenye mbao ukiwa umenyooka kama ulivyoingia. Likiwa limechanika mfano wa nyota, na kichwa cha msumari kimebaki kwenye papi (mbao ya kulala inayopigiliwa bati), bati ndilo lililoshindwa: lilipigwapigwa na upepo mpaka likachoka. Bati likianguka pamoja na papi yake, misumari yote ikiwa mahali pake, basi fundi alipigilia bati vizuri akasahau kwamba papi nayo inatakiwa kushikwa kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Na ukikuta paa zima, kenchi, papi na mabati, limelala upande wa pili wa nyumba kama kofia iliyovuliwa, usipoteze muda kukagua misumari. Panda ukutani utazame kilichokuwa kimeshika kenchi. Mara nyingi ni vipande viwili vya waya mwembamba wa kufungia nondo, au hakuna kitu.

Ndiyo maana ukarabati wa nusu nusu hausaidii. Paa huondokea pale lilipo dhaifu kuliko kwingine, na anayeimarisha kiungo kimoja tu amehamisha mahali pa kuvunjikia. Tumeona mabati yaliyofungwa kwa skrubu nzuri kabisa yakiruka na kenchi zake.

Tatizo linaanzia kwenye namna tunavyoufikiria upepo, kama mkono unaosukuma. Kwenye ukuta ni kweli, unasukuma. Kwenye paa, hasa lenye mteremko mdogo, upepo ukifika ukingoni hupanda, hupita juu ya bati kwa kasi kubwa zaidi, na shinikizo la hewa juu ya bati likashuka kuliko lililomo ndani ya nyumba. Paa linanyanyuliwa. Mvuto huo ni mkali zaidi ukingoni, kwenye pembe na karibu na kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Pembeni unaweza kufika mara mbili ya ule wa katikati au kuzidi. Bati la kwanza kuondoka kwa kawaida ni la kona, na likishatoka upepo umepata mlango wa kuingilia chini ya mengine.

Hesabu yake anaiweza yeyote mwenye simu yenye kikokotoo. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Jibu ni nyutoni kwa kila mita ya mraba. Ukigawa kwa 10 unapata kilo, kwa kukadiria. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo unatoa karibu kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Watu hudhani upepo wa kilomita 144 utatoa 50. Unatoa 100, kwa sababu kasi ikiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Sasa pima na bati lako: jembamba la milimita 0.3 lina uzito wa kilo 2 na nusu hivi kwa mita ya mraba. Uzito huo upepo hauusikii. Paa la mita 6 kwa 8, upepo ukiwa wa kilomita 108 kwa saa, linavutwa kwenda juu kwa nguvu ya karibu tani 2.7, na hapo bado hatujahesabu pembe wala upepo unaoingia ndani.

Hesabu hiyohiyo inajibu suala la mawe. Kuweka mawe, matairi au mifuko ya mchanga juu ya bati ni jambo linalofanyika karibu kila mahali penye mabati na upepo, na mwenye nyumba hulala usingizi akijua amefanya kitu. Jiwe la kilo 20 juu ya bati lenye eneo la mita mbili za mraba na kidogo halifikishi kilo 10 kwa mita. Upepo wa kilomita 72 umeshalizidi. Jiwe linateleza, linaanguka mlangoni, na wanaotoka mbio wanapita hapohapo. Kama huna muda wa kufanya zaidi, kamba nene zilizopitishwa juu ya paa na kufungwa kwenye vigingi virefu vilivyozikwa ardhini ni bora kuliko mawe, kwa sababu kamba inapeleka nguvu ardhini na jiwe linategemea uzito wake tu. Vigingi vipigiliwe kwa kulala, kichwa kikielekea mbali na nyumba.

Sasa mlango. Dirisha la upande unakotoka upepo likivunjika, au mlango ukifunguka, hewa inaingia, inakosa pa kutokea, inajaa na kusukuma dari na paa kutoka chini, wakati juu bado mvuto unaendelea. Nguvu mbili zinafanya kazi kuelekea upande mmoja. Paa lililokuwa limeshika kwa saa nzima linaweza kuondoka sekunde chache baada ya mlango kufunguka. Kwa hiyo ule ushauri wa zamani kwamba ufungue madirisha "ili nyumba ipumue isije ikapasuka" uachwe kabisa. Nyumba haipasuki kwa kukosa hewa. Hupasuka kwa kuingiliwa nayo. Funga kila kitu, na milango ya vyumba vya ndani pia, ili dirisha moja likivunjika hewa ibaki kwenye chumba kimoja. Mlango wa mbele wenye komeo moja katikati uongezewe la juu na la chini. Wale wenye gereji wauangalie zaidi mlango wa gereji: ni mpana, mwembamba, na ndio unaoanza kukunjika.

Selotepu iliyobandikwa kwa alama ya X kwenye kioo haizuii chochote. Kioo kinavunjika vilevile, ila vipande vinakuwa vikubwa zaidi. Kinachozuia ni ubao: plaiwudi ya milimita 16 au zaidi, iliyokatwa mapema, ikatobolewa mapema na kuandikwa ni ya dirisha lipi, ikafungwa kwa skrubu ukutani au kwenye fremu imara. Anayeanza kutafuta plaiwudi siku tahadhari inapotangazwa atajikuta kwenye foleni na wenzake wote. Ukitaka kujua kwa nini ubao uwe mnene hivyo, fikiria kipimo kinachotumika Marekani kujaribu vizuizi vya madirisha ya maeneo ya vimbunga: kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 4 chenye kilo 4 na zaidi kidogo hurushwa kwa mita 15 kwa sekunde, kichwa kikitangulia. Ni kipande cha kawaida tu cha papi kutoka paa la jirani.

Kuna uharibifu mwingine ambao huwezi kuuona ukiwa chini. Tarehe 25 Desemba 1974, kimbunga Tracy kilipiga mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla hakijaharibika, nyumba nyingi za mji zikabomolewa, na watu zaidi ya 30,000 wakahamishwa. Wahandisi walipochunguza mabaki waligundua kwamba mabati mengi hayakung'olewa kwa pigo moja. Upepo huja kwa mikupuo: bati linavutwa, linalegea, linavutwa tena, mara elfu kadhaa katika usiku mmoja, na kuzunguka kichwa cha msumari chuma kinafanya kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike. Ufa unaanzia pale, unakua, kichwa cha msumari kinapenya, bati linaruka na msumari unabaki kwenye papi. Baada ya hapo mabati ya huko yalianza kujaribiwa kwa kuvutwa na kuachiwa mara maelfu, na vifungio vikawekewa vipande vipana vya kusambaza nguvu chini ya kichwa. Kwa fundi wa kawaida maana yake ni moja: paa lililonusurika dhoruba kubwa halipo katika hali iliyokuwa jana yake. Panda ukague kila kichwa cha msumari kwenye mita moja na nusu ya ukingoni, kwa mwanga wa jua la pembeni, asubuhi au jioni. Mstari mwembamba kama unywele unaotoka kwenye tundu ni ufa. Bati hilo halifai tena kukaa ukingoni.

Tuje kwenye kuezeka. Kanuni ni kwamba nguvu inayolivuta bati ipate njia isiyokatika mpaka ardhini: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), lenta kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi. Kila kiungo kikaguliwe kivyake.

Bati na papi kwanza. Msumari laini uliopigwa wima, halafu ukavutwa wima, ni kifungio dhaifu. Unachomoka kama ulivyoingia. Unakuwa dhaifu zaidi ukipigiliwa kwenye mbao mbichi, maana mbao ikikauka inajivuta na kuuachia. Tumia msumari wa bati wenye shina lililosokotwa, au skrubu yenye kofia na mpira. Ukitumia msumari, uwe mrefu wa kutosha kutokeza chini ya papi kwa sentimita 1 au 2, kisha mtu aliye chini aikunje ncha kukatisha nyuzi za mbao. Mafundi wengi huiacha kazi hii kwa sababu inataka mtu wa pili na haionekani kazi ikiisha. Piga juu ya mgongo wa bati, acha mpira ukae bila kubonyeza bati mpaka likaingia ndani. Katikati ya paa unaweza kuruka mgongo mmoja. Ukingoni, kwenye kona na kandokando ya kofia usiruke hata mmoja. Papi nazo zisogezane huko: kama katikati ziko kila sentimita 90, kwenye mita moja na nusu ya kandokando ziwe sentimita 60 au chini ya hapo.

Papi na kenchi ndipo kosa linapojificha. Msumari mmoja wa inchi 4 uliopigwa kutoka juu unavutwa wima kama ule wa bati, na safari hii umebeba mabati manne. Zungusha mkanda wa chuma kisichoshika kutu, upana wa sentimita 2.5 na unene wa karibu milimita 1, upite juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi, kisha pigilia ubavuni misumari minne kila upande. Misumari hiyo sasa inavutwa kwa ubavu, na msumari unaovutwa kwa ubavu una nguvu kuliko unaovutwa kwa kichwa. Huna mkanda? Waya wa mabati wa milimita 3 au 4 uliozungushwa mara mbili na kukazwa utafanya kazi. Ule mwembamba wa kufungia nondo, hapana.

Kenchi na ukuta: chomeo la nondo (kipande kinachochomoza) au mkanda uzamishwe kwenye zege la lenta wakati linamwagwa, si kutobolewa baadaye. Kama hakuna lenta juu kabisa ya ukuta, mkanda ushuke kozi (safu) kadhaa za tofali, kwa sababu ukiufunga kwenye kozi ya mwisho tu, upepo utaondoka na paa pamoja na kozi hiyo. Tofali linashika kwa uzito wa lililo juu yake, na la mwisho halina kitu juu yake.

Umbo nalo lina neno. Paa la pande nne linahimili upepo kuliko la pande mbili, kwa kuwa halina ule ukuta wa pembetatu unaosimama peke yake kama ngao. Kama unao ukuta huo, ufungwe kwenye kenchi za kwanza mbili tatu kwa mbao za mshazari. Mteremko wa nyuzi 30 hivi, yaani kupanda sentimita 58 kwa kila mita moja ya kwenda mbele, unapunguza mvuto kuliko paa lililokaribia kulala. Ukingo unaotokeza nje ya ukuta usizidi sentimita 45, maana pale upepo unapiga kutoka chini na kuvuta kutoka juu kwa wakati mmoja. Anayetaka baraza la kukalia na alijenge, ila paa la baraza liwe na mbao zake, lisiwe mwendelezo wa kenchi za nyumba. Likiondoka, liondoke peke yake.

Kimbunga Andrew kilichoingia Florida kusini mnamo Agosti 1992 kilionyesha mambo ya aibu kwa nchi yenye vitabu vya sheria za ujenzi: mbao za kufunikia paa zilizokuwa na misumari mingi, lakini sehemu ya misumari hiyo ilikosa kabisa boriti iliyokuwa chini yake. Kwa juu msumari unaonekana umeingia. Kwa chini unaning'inia hewani. Kabla hujamlipa fundi, ingia darini na tochi kabla dari haijafungwa, hesabu ncha zinazong'aa pembeni mwa mbao.

Haya yote ni kazi ya siku za utulivu. Upepo wenyewe ukija, unakuja kwa namna mbili zinazohusu watu wengi. Kuna kimbunga cha baharini, ambacho hutabiriwa siku kadhaa kabla, na kuna upepo wa wingu la radi, ambao unakupa dakika. Huu wa pili ndio unaodharauliwa. Mvua na barafu zikianguka ndani ya wingu hupoza hewa, hewa baridi ni nzito, inaporomoka, inagonga ardhi na kusambaa pande zote. Mtaalamu Tetsuya Fujita ndiye aliyeueleza vizuri, baada ya kuchunguza ajali ya ndege ya abiria iliyoanguka ikikaribia kutua New York mnamo Juni 1975. Unaweza kuzidi kilomita 150 kwa saa na ukadumu dakika tano tu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya upepo huu ni ubaridi. Mchana wa joto, hewa imetulia, ghafla unahisi ubaridi usoni, upepo unageuka na kutokea upande wa wingu, na chini ya wingu kuna mstari wa vumbi au ukingo mweusi uliolala. Ukiona hayo, usianze kuanua nguo. Ingia ndani. Walio ziwani au baharini wana muda mfupi zaidi: kila mtu avae boya, mizigo na watu washuke sakafuni mwa chombo, na omo (sehemu ya mbele) lielekezwe kwenye mawimbi kabla hayajakua.

Macho pia yanapima. Kipimo kilichobuniwa na Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805 bado kinafaa kwa asiye na chombo. Matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukikushinda, uko karibu kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Kazi yoyote ya juu ya paa isimame hapo, kwa sababu bati moja la mita 3 ukilishika wima linakuvuta kwa karibu kilo 30. Vitawi vikianza kukatika na kutembea kukawa kwa shida, ni 62 hadi 74. Miti ikianza kung'oka umeshafika 90. Majumba ya watoto ya kujazwa hewa yana kikomo cha chini zaidi: kilomita 38 kwa saa, na hapo yatakiwa yamefungwa kwenye nanga zake zote. Yafungwe na kutolewa hewa mapema kuliko unavyofikiri.

Ukiwa na saa chache, anza na vitu vilivyo wepesi na vipana: dishi, paneli za sola zilizolegea, mabati yaliyorundikwa uani, viti vya plastiki, mabango. Tangi tupu la maji ni puto. La lita 1,000 likijazwa lina tani moja na haliendi popote, na maji utayahitaji. Viatu vigumu, tochi, filimbi, simu iliyojaa chaji na kofia ya pikipiki viwe mahali pamoja. Kofia hiyo watu huicheka, lakini wengi huumizwa na vitu vinavyoanguka na kuruka, na vingi vinafikia kichwani.

Pa kujificha ni chumba kidogo cha ndani, ghorofa ya chini, kisicho na dirisha: choo, stoo, korido. Kuta zake zimekaribiana, kwa hiyo zinashikana. Ingia chini ya meza imara, jifunike godoro. Mahema na vibanda vya mbao nyepesi si mahali pa kubaki. Toka mapema uende jengo la zege. Popote ulipo, kaa mbali na mti kwa umbali usiopungua urefu wake. Na kama uko pwani ya chini, jua kwamba upepo siyo muuaji mkubwa pale. Kimbunga cha Novemba 1970 kilichopiga delta ya nchi ambayo sasa ni Bangladesh kiliua zaidi ya watu 300,000, na sehemu kubwa yao walichukuliwa na maji ya bahari yaliyosukumwa nchi kavu. Nyumba imara haimsaidii aliye chini ya kimo cha maji hayo. Ukiambiwa hama, hama kabla ya giza.

Katikati ya kimbunga cha baharini kuna jicho, na jicho linaua waliosalimika. Upepo unakatika, pengine nyota zinaonekana, watu wanatoka kutazama hasara. Utulivu huo unaweza kuwa wa dakika chache au kupita saa nzima, kisha upepo unarudi kutoka upande wa pili, ukipiga kuta na miti ambayo imeshalegezwa kwa upande mwingine. Tumia muda huo kuhamia chumba cha upande wa pili na kufunga, basi.

Barabarani, gari refu lenye ubavu mpana na lisilo na mzigo ndilo la kwanza kupinduka. Hatari kubwa iko pale unapotoka kwenye kinga: mwisho wa daraja, mwisho wa kilima, unapolipita lori. Kwa tonado, yaani nguzo ya upepo inayozunguka kutoka winguni hadi ardhini, chini ya daraja la barabara si mahali pa kujificha. Upepo unabanwa pale na kuongeza kasi. Ukikutana na ukuta wa vumbi, toka kabisa barabarani, simama, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Taa zikiwaka, dereva aliye nyuma atazifuata akidhani bado uko barabarani.

Baada ya upepo ndipo watu wanapojiumiza wenyewe. Waya wa umeme uliolala chini uhesabike kuwa hai hata kama mtaa mzima una giza. Kaa mbali mita 10 na zaidi, na zaidi ya hapo kama ardhi imelowa. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa hatua za kuburuta, nyayo zikigusana, kwa sababu umeme ardhini hupanda mguu mmoja na kutokea mwingine miguu ikiachana. Waya ukiangukia gari, kaa ndani. Gari likishika moto, ruka na miguu yote miwili pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja. Jenereta ikae nje, mita 6 kutoka dirishani au zaidi, wala isiwashwe barazani. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi inayoua, isiyo na harufu. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani, maana umeme utatoka kwenda kwenye nguzo na kumkuta fundi aliyeko huko juu.

Mti ulioanguka bado una nguvu ndani yake. Shina lililopinda limebanwa upande mmoja na kuvutika upande mwingine. Ukianza kukata upande uliovutika kwa msumeno wa injini, linapasuka na kukurudia usoni. Kata kidogo kidogo upande uliobanwa kwanza, kisha maliza upande wa pili ukiwa umesimama kando. Mti uliong'oka na sahani yake ya mizizi ni mbaya zaidi: ukishapunguza uzito wa shina, kisiki kinaweza kurudi shimoni ghafla. Mtoto asikaribie shimo hilo.

Bati linaloning'inia lishushwe kabla ya kazi nyingine yoyote, kwa kamba, na mtu asiwepo chini. Vidonda vya misumari vioshwe na muathirika akapate chanjo ya pepopunda kama hana uhakika wa ya mwisho. Na unapoezeka upya kwa mabati yaleyale, usirudishe msumari kwenye tundu la zamani, wala kugonga ule uliojitokeza ukarudi chini, mbao imeshauachia. Ung'oe, ziba tundu, na weka skrubu mpya sentimita chache pembeni, kwenye mbao nzima.